Zege la Brooklands

Wanaokwenda Makumbusho ya Brooklands, mjini Weybridge karibu na London, wengi hufuata magari ya zamani. Magari hayo yana haki ya kutazamwa, lakini ushahidi mzito wa historia ya mbio za magari ni zege lililoachwa hapo tangu 1907. Wakati huo sheria ya Uingereza ilikataza gari kuzidi maili 20 kwa saa barabarani. Mtengenezaji aliyetaka kujua injini yake ina nguvu kiasi gani hakuwa na pa kuijaribia. Hugh Locke King akajenga uwanja katika ardhi yake mwenyewe: mzunguko wa takriban kilomita 4.4, upana wa mita 30, na kona zilizoinuliwa hadi karibu mita 9 ili dereva apinde bila kupunguza mwendo. Gharama zilimwelemea hata mkewe, Ethel, akalazimika kushika usimamizi. Mwaka 1913 Percy Lambert akawa mtu wa kwanza kukimbiza gari zaidi ya maili 100 ndani ya saa moja. Mwaka huohuo akafa kwa ajali ya uwanjani hapo. Ukisimama chini ya mojawapo ya kona hizo zilizoinuliwa na kuinua macho, utaelewa ujasiri wake kuliko maelezo yoyote ya ukutani.

Wapo wanaolalamika kwamba makumbusho haya yamejaa ndege, Concorde ikiwamo, na mbio zimesahauliwa. Lalamiko hilo halizingatii gari maarufu kuliko yote hapo, Napier-Railton ya dereva John Cobb, lililoweka rekodi ya mzunguko mwaka 1935 kwa mwendo wa maili 143 kwa saa. Injini yake ya lita 24 ni ya ndege. Magari na ndege vilikulia uwanja mmoja, na ni ndege zilizoumaliza: vita vilipoanza 1939 mbio zilikoma, kona ikakatwa kupitisha barabara ya kwenda viwanda vya ndege, na mwaka 1946 uwanja ukauzwa kwa kampuni ya Vickers-Armstrongs iliyotengeneza ndege. Makumbusho yalifunguliwa 1991 juu ya mabaki hayo. Yametunzwa vyema: mwaka 2017 karakana ya ndege iliyojengwa wakati wa vita juu ya njia ya kumalizia mbio ilihamishiwa pembeni bila kutupwa, na zege la 1907 likafunuliwa tena.