Matwari ya Riyadha: Ugomvi Haukuwa wa Ngozi ya Mbuzi

Kila mfungo sita, mwezi wa maulidi, ukikaribia, hoja ileile hurudi pwani yetu kama maji ya bamvua: matwari katika maulidi ni uzushi, na kwa huku kwetu chanzo chake ni Lamu, Msikiti wa Riyadha, kwa Habib Swaleh. Wanaomtetea nao hujibu papo hapo kwa hadithi ya mabinti waliopiga dufu siku ya Idi nyumbani kwa Bi Aisha. Wanabishana hivyo hadi mwezi unakwisha, na kote wanachokizungumzia ni chombo. Nimesoma na kusikiliza mengi juu ya jambo hili, na naona tumeshika mkia tukaacha mnyama. Lamu ile haikugombana kwa sababu ya ngozi iliyowambwa kwenye duara la mti. Iligombana juu ya nani aketi na nani kwenye zulia la msikiti.

Fikihi ya muziki ni ya zamani na sitaichimba hapa. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika mlango mzima juu ya kusikiliza nyimbo. Delhi wana kawali zao kwenye kaburi la Nizamuddin. Konya wana nai na mzunguko wa Wamevlevi, hata baada ya serikali ya Uturuki kufunga zawiya mwaka 1925. Mwenye kutafuta fatwa hatakosa, ya kuruhusu wala ya kukataza. Mambo hayo ni ya ulimwengu mzima. Langu ni la mtaa mmoja.

Lamu ya mwishoni mwa karne ya 19 ilikuwa mji mmoja wenye pande mbili. Kaskazini ni Mkomani, nyumba za mawe zenye madaka ya chokaa, mji wa wangwana na nasaba zao. Kusini ni Langoni, paa za makuti, mji wa waliokuja na waliodharauliwa. Habib Swaleh bin Alawy Jamalullail, sharifu kutoka Ngazija, alikuja Lamu kijana, akasoma kwa mashekhe wa mji, akafahamika pia kwa uganga wa dawa. Kwa nasaba yake, milango ya Mkomani ilikuwa wazi kwake. Akachagua Langoni. Huko aliwasomesha watumwa, na watoto wa watumwa, elimu ambayo wenye mji waliiona kuwa ni mali yao. Tukumbuke kwamba sheria ya kuukomesha utumwa katika ukanda huu ilikuja mwaka 1907. Aliyemfundisha mtumwa kabla ya hapo alikuwa anafundisha mali ya jirani yake.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Riyadha ikawa imesimama. Jina lake ni la mabustani, na linakumbusha msikiti wa Ali bin Muhammad al-Habshi kule Seiyun, Hadhramaut. Kutoka kwa al-Habshi ndiko yalikotoka maulidi yanayosomwa Riyadha. Mji ulikuwa umezoea maulidi ya Barzanji, na Mwenye Mansab, mwanachuoni na mshairi wa Lamu, alikwisha kuitia Barzanji hiyo katika Kiswahili. Tofauti ilikuwa katika namna ya kusoma. Riyadha ilisoma kwa sauti, kwa pamoja, na kwa matwari, ndani ya msikiti. Wakubwa wa mji wakakasirika.

Hapa ndipo napenda kumleta shahidi tuliyemsahau. Mwaka 1959 Peter Lienhardt, mwanaanthropolojia Mwingereza, huyuhuyu aliyetuhifadhia shairi la Swifa ya Nguvumali, aliandika makala juu ya chuo cha Riyadha na hali ya jamii iliyokizunguka. Ilichapishwa katika jarida la Tanganyika, na nadhani ndiyo sababu wanaoandika historia ya Kenya huipita. Anachokionyesha Lienhardt ni kwamba ubishi wa matwari hautengeki na ubishi wa daraja. Miaka 15 baadaye Abdul Hamid el-Zein, msomi wa Kimisri, aliandika kitabu kizima juu ya Riyadha. Wengi humlaumu kwa kuona alama na siri katika kila jambo. Mimi namvumilia, kwa sababu alikaa na wenye asili ya utumwa akawauliza wao dini wanaionaje, jambo ambalo wenye kalamu hawakulifanya.

Twari lenyewe linasema, ukilisogelea. Nimeketi nje ya Riyadha usiku wa maulidi, nikamtazama mzee mmoja akipasha twari lake juu ya moto wa makumbi. Hewa ya bahari huilegeza ngozi, nayo ngozi iliyolegea haina sauti. Alilizungusha polepole, akaligonga kwa ncha za vidole, akalirudisha motoni, akaligonga tena mpaka likalia alivyotaka. Ndani, vijana walipanga safu mbili zinazotazamana, kanzu kwa kanzu, bega kwa bega, wakiinama na kuinuka kwa pigo moja. Ilipofika mahali pa kiamu wote walisimama, mrashi ukapita ukinyunyiza marashi, chetezo kikafuata nyuma. Katika safu ile mtu hawezi kujitenga: akiinuka kabla ya mwenzake, safu nzima inavunjika. Kwa mji uliojengwa juu ya kutengana, hilo lilikuwa tishio kubwa kuliko sauti yoyote.

Wapo wanaosema Habib Swaleh alitumia ngoma kama chambo cha kuwavuta watumwa. Maelezo hayo siyakubali hata kidogo. Yanamfanya mtumwa kuwa samaki asiye na imani, eti huja kwa mdundo tu. Na kule Bagamoyo je? Sheikh Ramiya aliletwa mtoto kutoka Manyema, akiwa mtumwa, akaja kuwa khalifa wa tarika ya Kadiria aliyeheshimiwa kote Mrima. Mtu wa namna hiyo hakuvutwa na dufu. Aliifuata elimu, na zikri ya pamoja ikampa mahali ambapo nasaba ingemnyima.

Kwa upande wa wapinzani, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, katika magazeti yake Sahifa na Al-Islah, aliyapinga mengi aliyoona hayana asili katika dini, na Sheikh Abdallah Saleh Farsy akaja baada yake. Ni wanavyuoni wakubwa, na Farsy alitenda haki kuwaandika masharifu wa Riyadha katika kitabu chake cha wanavyuoni wa Kishafi. Ila walipolipima twari kwa mizani ya dalili peke yake, swali la Langoni halikupata nafasi mezani.

Leo maulidi ya Lamu huvuta wageni kutoka pwani nzima, na wajukuu wa Mkomani wamo safuni. Jambo moja bado linaniuma. Nasaba za masharifu tunazo, zimeandikwa hadi kwa Mtume. Majina ya waliopiga matwari ya mwanzo katika Riyadha, wale ambao kwa ajili yao mji uligawanyika, sijayakuta katika ukurasa wowote niliousoma. Wajukuu zao wapo Langoni, na wengine ni wazee sana. Mwaka huu, kabla hatujaanza kuulizana kama twari ni halali, twende na daftari tukawaulize babu zao waliitwa nani.