Gari Lililo Tayari Bila Kuwaka

Dar es Salaam wanasema haibridi. Hapa kwetu Baraka, mji wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, kwa kupitia Kifaransa, tunasema ibridi. Wapenda lugha wana majina mengine: mahuluti, chotara, mseto. Mimi nachagua mseto bila kusita. Damu mbili za chotara hazitenganishwi tena, lakini katika shamba la mseto mahindi yanaonekana na maharage yanaonekana. Ndivyo ilivyo chini ya boneti: injini ya esansi, yaani petroli, iko pale, mota ya umeme iko pale.

Jina ninalolikataa ni "gari la umeme". Mtu akilisikia huuliza linachajiwa wapi, na katika mji unaotegemea sana sola na jenereta, swali hilo ni la haki. Prius ya kawaida, gari lililoanza kuuzwa Japani Desemba 1997, halichomekwi popote. Nguvu yake yote hutoka kwenye esansi, ileile inayouzwa kwa chupa kando ya barabara. Umeme wake ni nguvu hiyohiyo iliyozuiwa isipotee.

Kitenzi kinachonisumbua kuliko vyote ni kuwasha. Kuwaka ni kushika moto. Hapa unabonyeza kitufe, taa ya kukuambia gari liko tayari inatokea, na injini bado haijawaka. Abiria akisema, "Halijawaka," amesema kweli. Lakini gusa kanyagio uone litakavyoondoka. Hatari iko kwa fundi. Akifungua boneti kwa kuamini ukimya, injini inaweza kujiwasha vidole vyake vikiwa ndani. Kwa hiyo nyumbani kwetu tunasema gari "liko tayari" au "limelala", na watoto wamezoea.

Batri nalo ni neno moja lililobebeshwa vitu viwili. Katika Prius ya kizazi cha pili, batri kubwa ni ya volti 201.6, na nyaya zake zina rangi ya machungwa ili mtu asizishike ovyo. Ile ndogo ya volti 12 haizungushi injini. Kazi yake ni kuamsha kompyuta, lakini ikifa gari zima limekwama. Mwenye gari akimwambia fundi "batri imekufa" bila kutaja ipi, anaweza kuingizwa katika gharama isiyo yake. Naziita batri ya mwendo na batri ya kuamshia. Ile ya mwendo hupumua kupitia tundu dogo kando ya kiti cha nyuma. Tundu hilo nimeliita pua, maana vumbi letu huliziba, na mfuko wa ndagala ukiegemezwa pale batri hupata joto.

Kuhusu breki nasema "inavuna". Ukishuka kutoka mji wa Fizi kwenda ziwani, magurudumu yanazungusha mota, nayo inageuka dinamo. Aliyeendesha baiskeli usiku anajua: dinamo ikigusa tairi, pedali huwa nzito. Uzito huohuo ndio unaopunguza mwendo wa gari huku umeme ukirudi kwenye batri. Batri ikijaa, mavuno yanakoma, na mteremko bado haujaisha. Hapo kuna herufi B kwenye gia, ambayo wengi huidhani ya batri. Ni ya breki ya injini. Iweke mapema, kabla breki za magurudumu hazijaanza kunuka.