Nani Aliwapokea Loliondo?

Ukiuliza mji wa Wasso, Loliondo, ulianzaje, jibu huja haraka: hospitali. Padri daktari kutoka Austria, Herbert Watschinger, aliianzisha miaka ya 1960, watu wakaifuata, mji ukakua. Masimulizi haya yana ukweli mwingi. Mgeni kutoka mbali alihudumia watu ambao baadhi yao nao walikuwa wageni, kwani miaka michache kabla yake kaya za Wamaasai zilitolewa Serengeti pamoja na mifugo yao, zikaelekea Ngorongoro na Loliondo. Hawa walifikia kwa nani?

Nilianza na karatasi. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilitangazwa mwaka 1951, Wamaasai wakiishi ndani yake. Tarehe 21 Aprili 1958 wazee 12 waliridhia kwa alama zao mkataba wa kuhama Serengeti ya magharibi. Mwaka uliofuata Ngorongoro ikawekewa sheria yake. Mkataba unaeleza nani aondoke na lini aondoke. Nimetafuta humo jina la mwenyeji, mtu au kijiji. Halimo. Je, kuhama ni kuondoka tu?

Wapo wasemao wazee walikubali kwa hiari. Wengine husema hawakujua walichokiridhia. Mkataba uliandikwa kwa Kiingereza, na alama ya dole gumba haithibitishi kwamba mtu alielewa kila sharti. Hata hivyo sitaki kuwafanya wazee wale wajinga. Walijua thamani ya maji na malisho, na haki ya kuendelea kuishi Ngorongoro ilikuwa sehemu ya makubaliano. Walitegemea ahadi ya serikali peke yake, au walikuwa na tegemeo jingine?

Kwenye miamba ya Moru, ndani ya Serengeti, kuna michoro ya ngao za Wamaasai kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi. Inathibitisha walikotoka, si waliowapokea. Daftari la hospitali nalo halinisaidii: huandika ugonjwa, haliandiki nani alimpisha mgonjwa kisimani mwaka aliofika. Nikafuate nini sasa?

Nikageukia watu waliokuwa Loliondo tayari. Wabatemi walikuwa wakilima kwa mifereji tangu zamani. Waloita, Walaitayok na Wapurko, makundi ya Wamaasai, walikuwa na malisho yao. Wapurko ndio walionishtua. Ndugu zao wa Kenya walihamishwa kutoka Laikipia kwa mkataba wa 1911, na safari hiyo ikakamilika 1913. Jamii iliyokwisha kuonja kuhamishwa ilikuwa hapahapa, mpakani. Mwenyeji wa 1959 hakuwa mhamiaji wa jana?

Kwa Wamaasai, mapokezi yana utaratibu. Mtu humpa mwenzake ng'ombe, na kuanzia hapo wawili hao huacha majina yao, huitana *pakiteng*, kwa jina la ng'ombe aliyetolewa. Mgeni anapata maziwa, lakini pia anapata mtu wa kumsemea kuhusu kisima na nyasi. Nadhani hapa ndipo msaada ulipopitia, mikononi mwa watu wengi wasioandikwa, kabla daktari hajafika kuuongezea dawa. Ushahidi wake umo vichwani. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 mwaka 1959 sasa anakaribia 90. Nani atakaa naye mwaka huu amuulize: ng'ombe wako wa kwanza huku ulipewa na nani?