Kiapo cha Bibi Zana

Fungueni ramani, mtafute Uturuki. Humo wamo Wakurdi, mamilioni ya watu wenye lugha yao. Mwaka 1991 Bibi Leyla Zana, Mkurdi, aliingia Bunge la Ankara. Alikula kiapo kwa Kituruki, kisha akaongeza maneno machache kwa Kikurdi, ya kutaka udugu wa Waturuki na Wakurdi. Ukumbi ukajaa kelele. Ajabu, kwa neno udugu!

Mahakama ya Katiba ilikipiga marufuku chama cha HEP mwaka 1993, ikisema kinahatarisha umoja wa nchi. Wenyewe walikwisha unda DEP. Nacho kikafungwa 1994. Kisha HADEP, 2003. Kisha DTP, 2009. Bibi Zana alitiwa gerezani mwaka 1994, akatoka 2004.

Sasa shikeni kalamu, mwandike neno la leo: kiapo.