Mwana wa Goma Aliyekataa Mlungula

Kila siku twamwomba Baba yetu wa mbinguni atulinde na vishawishi. Lakini wengi wetu twadhani kishawishi ni kitu cha kutisha, chenye pembe na makucha. Sivyo. Shetani hakumwendea Bwana wetu Yesu Kristu jangwani kwa rungu, bali alimwendea na habari za mkate, wakati Bwana alipoona njaa. Hata leo huja vivyo hivyo, kwa maneno laini na fedha mkononi. Basi tuwasimulie, wasomaji wapenzi, habari za kijana mmoja wa Kivu yetu.

Floribert Bwana Chui Bin Kositi alizaliwa Goma tarehe 13 Juni 1981. Alisoma sheria katika mji huo huo. Tangu ujana wake alijiunga na Jumuiya ya Mtakatifu Egidio, iliyoanzishwa Roma mwaka 1968. Pamoja na wenzake alikuwa akikutana kusali, kisha akawatafuta watoto wa barabarani, akawasaidia wapate kusoma. Watu wengine waliwaita watoto hao wezi. Yeye aliwaita kwa majina yao.

Mwaka 2007 alikuwa mtumishi wa ofisi ya serikali inayokagua bidhaa mpakani. Kazi yake ilikuwa kuangalia kama vyakula vinavyoingia ni vizima au vimeharibika. Wakatokea watu wenye shehena ya vyakula vibovu, wakataka kuvipitisha. Wakampa fedha, akakataa. Wakaongeza, akakataa tena. Watu wenye nguvu wakamsukuma, naye hakutikisika.

Fikirini jinsi kishawishi kile kilivyokuwa chepesi kupokelewa. Hakuna ambaye angejua. Mshahara wa mtumishi ni mdogo, na mlungula umezoeleka hata umepewa majina mazuri: matabishi, chai, sabuni. Pengine Shetani angeweza kumnong'oneza: “Pokea, nawe utawasaidia watoto wako maskini.” Lakini Floribert alimwuliza mtawa mmoja aliye daktari kuhusu madhara ya vyakula vile, akamweleza fikira zake: fedha zile zingekwisha upesi, lakini wale ambao wangekula, wangepatwa na nini? Naye akajiuliza kama yuaishi kweli katika Kristu au la.

Tarehe 7 Julai 2007 alitekwa nyara. Waliomteka walimtesa, wakamwua. Alikuwa na miaka 26 tu.

Wakatekumeni wetu, tuliposimulia habari hizi, walituuliza: “Mwalimu, mtu huyu hakuambiwa amkane Kristu. Aliambiwa apitishe chakula tu. Mbona aitwe shahidi wa dini?” Swali ni zuri. Tuliwajibu kwa mfano wa Yohane Mbatizaji. Naye hakuambiwa amkane Mungu; alikatwa kichwa kwa kuwa alimwambia Herode ukweli juu ya ndoa yake. Vivyo hivyo Mwenye Heri Anuarite, aliyeuawa Isiro mwaka 1964, alikufa kwa kulinda usafi aliomwahidi Bwana. Anayechukia matunda ya imani huchukia mti wenyewe. Floribert alikataa kwa sababu alikuwa Mkristu. Imani ndiyo iliyomfunga mkono usipokee.

Ndivyo Kanisa lilivyoamua. Tarehe 2 Februari 2023, mjini Kinshasa, Baba Mtakatifu Fransisko aliwatajia vijana wa Kongo jina lake, akiwaambia kwamba angaliweza kuziacha bidhaa zile zipite na kupata faida, lakini alisali na kuwafikiri wengine. Mwezi Novemba 2024 alithibitisha ushahidi wake. Tarehe 15 Juni 2025 Floribert alitangazwa Mwenye Heri huko Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo. Sherehe haikufanyika Goma, kwa kuwa vita vilikuwa vimeufunika mji tangu Januari ya mwaka ule.

Na sisi wa Butembo na Beni, habari hizi zatuhusu nini? Zatuhusu sana. Mji wetu waishi kwa biashara. Malori hupita Kasindi yakileta vitu kutoka Uganda na ng'ambo ya bahari. Katika safari hiyo kuna mikono mingi: anayepakia, anayekagua, anayepima, anayeuza. Kila mkono wajaribiwa. Dawa iliyopita tarehe yake yaweza kubandikwa karatasi mpya. Mizani yaweza kulegezwa. Nasi makatekista tusijitoe: mzazi ajapo na kuku ili mtoto wake abatizwe kabla ya kumaliza mafundisho, nasi twasimama penye mpaka wa Floribert.

Nguvu zake hakuzipata siku ile alipoletewa fedha. Alizipata kidogo kidogo, katika sala za jioni pamoja na wenzake na katika urafiki na watoto wasio na kitu. Alipojaribiwa, moyo wake ulikuwa umekwisha kujibu. Samaki mkunje angali mbichi. Mwenye kungoja siku ya kishawishi ndipo aanze kusali, amechelewa.

Basi leo jioni, tusemapo Baba Yetu, tusilipite upesi ombi lile. Kila mmoja wetu ataje moyoni bahasha yake. Mwenye Heri Floribert, utuombee.