Kaizari Nyuma ya Nondo

Tamthilia ya Shakespeare juu ya kuuawa kwa Julius Caesar ilichezwa London mwaka 1599. Sisi twaijua kwa jina la Juliasi Kaizari, kwa kalamu ya Mwalimu Julius Nyerere, aliyeitafsiri mara ya kwanza mwaka 1963, akaipitia upya na kuitoa tena mwaka 1969. Mkuu wa nchi alikaa usiku akizitafutia Kiswahili hoja za watu wanaokula njama ya kumwua mkuu wa nchi. Lakini tamthilia hii haikuishia ikulu. Imeingia pia magerezani, na safari zake mbili za huko zafaa kusimuliwa pamoja.

Ya kwanza ni ya Robben Island, kisiwa cha Afrika Kusini walikofungiwa wapinzani wa ubaguzi wa rangi. Mfungwa mmoja, Sonny Venkatrathnam, alikuwa na juzuu ya kazi zote za Shakespeare. Aliifunika kwa kadi za sikukuu ya Diwali ili askari wadhani ni kitabu cha dini, kisha akawapitishia wenzake, kila mmoja atie saini penye maneno yaliyomgusa. Tarehe 16 Disemba 1977 Nelson Mandela alitia saini yake pale Kaizari anapomjibu mkewe, aliyemsihi asitoke nyumbani, kwa kuidharau hofu ya mauti.

Robben Island maneno hayo yalisomwa kimya, jicho likimchunga askari. Rebibbia, gereza la Roma, yalisemwa kwa sauti, na askari wakiwa miongoni mwa wasikilizaji. Huko ndiko ndugu wawili wazee, Paolo na Vittorio Taviani, walikotengeneza filamu yao Cesare deve morire, yaani Kaizari Lazima Afe. Mwaka 2012 ilitunukiwa Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin. Vittorio alikuwa na umri wa miaka 82, Paolo miaka 80. Waigizaji wao walikuwa wafungwa wa sehemu ya ulinzi mkali, wengi wao watu wa magenge ya kusini mwa Italia. Wengine walikuwa na kifungo ambacho makaratasi ya nchi hiyo hukitaja kwa maneno machache mazito: mwisho wa adhabu, kamwe.

Mwongozaji wa tamthilia humo gerezani, Fabio Cavalli, aliwapima kwa jambo jepesi. Kila mmoja ataje jina lake, jina la baba yake, na mahali alipozaliwa, mara mbili. Mara ya kwanza aseme kama mtu anayeagana na mkewe mpakani huku analia. Mara ya pili aseme yayo hayo kwa ghadhabu. Atazamaye huona mara moja nani ana moto ndani yake.

Kisha likaja agizo ambalo kwangu mimi, mtu wa tafsiri, ndilo kiini cha habari yote. Waliambiwa waseme kila mtu kwa lahaja ya kwao. Kiitalia cha vitabuni kikawekwa kando. Wa Napoli akasema Kinapoli, wa Sicilia Kisisilia. Hapo Shakespeare akakoma kuwa mgeni. Chukua hotuba ya Antoni mbele ya maiti, anaporudia kumwita Bruto na wenzake watu wa heshima. Msomi huisikia kejeli. Lakini katika lugha ya magenge ya Sicilia, "mtu wa heshima" ni jina la mwanachama aliyekula kiapo. Wafungwa hawa hawakuhitaji kufafanuliwa neno hilo. Walikuwa wamelilipia miaka.

Msomaji wa pwani hatalistaajabia jambo hili. Abdilatif Abdalla alipofungwa Kenya mwaka 1969 kwa ajili ya waraka Kenya: Twendapi?, alitunga kwa siri, juu ya karatasi za chooni, tungo zilizotoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Alizitunga kwa Kimvita. Simlinganishi na watu wa Rebibbia, kwani yeye alifungwa kwa neno na wengi wao kwa damu na magendo. Nalinganisha lugha tu. Mtu akishanyang'anywa nguo zake, saa yake na mlango wa nyumba yake, husalia na lahaja ya mamaye, na humo ndimo husema kweli.

Hata hivyo liko swali lisilokwepeka. Je, makofi ya ukumbini yanaosha damu? Waliodhulumiwa na watu hawa hawakupewa jukwaa, na mwenye kovu usidhani kapoa. Sifa ya filamu ni kwamba haifichi: kila mwigizaji anapotokea, maandishi hutaja kosa lake na urefu wa kifungo chake. Salvatore Striano, aliyecheza Bruto, alikuwa ameshatoka tangu mwaka 2006, akarudi kwa hiari nyuma ya kuta alizozijua ili aigize. Huyo sanaa ilimfungulia njia. Wenziwe wengi haikuwafungulia mlango.

Mazoezi, yaliyofanyika selini, korido na uani kwa kuwa ukumbi ulikuwa ukitengenezwa, yameonyeshwa kwa rangi nyeusi na nyeupe. Onyesho lenyewe lina rangi zote. Watu wakishasimama na kushangilia, wachezaji hurudishwa mmoja mmoja na kufungiwa. Cosimo Rega, mfungwa wa maisha aliyecheza Kasio, huingia selini mwake, hutazama huku na huku, na kusema kwamba tangu alipoijua sanaa chumba hicho kimegeuka gereza.

Wengi huisifu sanaa ya gerezani kwa kuwa eti humsahaulisha mfungwa dhiki zake. Rega anashuhudia kinyume. Ilimfumbua macho akaona ukuta ulipo, na akajua alichopoteza, nacho ndicho chanzo cha kila toba.