Wakfu wa Cairo, Sheria ya Marekani

Al-Azhar ya Cairo ilikuwa na Zawiyat al-Umyan, makazi ya wanafunzi wasioona yaliyogharimiwa kwa mali ya wakfu. Masomo yenyewe yalikuwa ya kusikiliza na kuhifadhi: shekhe ameketi kwenye nguzo ya msikiti, wanafunzi wamemzunguka. Asiyeona hakuhitaji somo la peke yake. Alihitaji chakula, malazi na mtu wa kumshika mkono.

Mwandishi wa Misri Taha Hussein, aliyepofuka utotoni, alifika Al-Azhar mwaka 1902 akiwa na kaka yake. Katika kitabu chake Al-Ayyam anasimulia jinsi kaka huyo alivyokuwa akienda kwa rafiki zake, naye akibaki peke yake chumbani, hana wa kumtoa nje. Baadaye alipata shahada ya udaktari Cairo mwaka 1914 na nyingine Paris mwaka 1918; huko Ufaransa alisomewa vitabu na Suzanne, ambaye alikuja kuwa mkewe. Nikisoma habari zake nawafikiria wale ambao hawakumpata Suzanne. Tena ukarimu wa wakfu ulimfaa asiyeona tu. Kiziwi angefanya nini katika darasa la kusikiliza?

Marekani ilipita njia nyingine. Mwaka 1962 Ed Roberts, aliyepooza kwa polio na kulala ndani ya mashine kubwa ya kupumulia, alianza masomo katika chuo kikuu cha Berkeley, akapewa chumba katika hospitali ya chuo. Yeye na wenzake hawakuridhika na huruma. Mwaka 1973 Kifungu cha 504 cha sheria ya shirikisho kilipiga marufuku kuwabagua watu wenye ulemavu katika taasisi zinazopokea fedha za serikali ya shirikisho, lakini kanuni zake zilikawizwa hadi Aprili 1977, baada ya watu wenye ulemavu kukalia jengo la serikali San Francisco kwa zaidi ya wiki tatu. Muda wa ziada wa mtihani, mkalimani wa lugha ya alama, vitabu vya nukta nundu: vikawa haki ya kudai, si fadhila.

Hata haki hiyo ina uzito wake. Shuleni, ni wajibu wa shule kumtambua mtoto. Chuoni, mwanafunzi mwenyewe ndiye ajitokeze, alete vyeti vya wataalamu, aombe. Mwenye disleksia aliyezoea kuficha shida yake huweza kumaliza miaka yote bila kuomba chochote.

Hapa kwetu, Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na imeridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu. Lakini wanafunzi wengi wasioona bado wanasomewa na rafiki wa bweni, bure, usiku, wakati rafiki huyo naye ana mtihani kesho. Urafiki huo nauheshimu, ila si haki digrii ya mtu iutegemee. Cairo ilikuwa na fedha iliyotengwa kabla mwanafunzi hajafika; Marekani ina sheria ya kumlinda akinyimwa. Wakuu wa vyuo, sheria tunayo tayari. Tengeni fedha za wasomaji na wakalimani kabla ya muhula kufunguliwa.